Neno Safi Nalo Huumiza

Kijana wa Mangobo au Kabondo, mitaa ya Kisangani, anayeanza kujifunza Kiingereza hafiki darasani mikono mitupu. Kabla hajajua kuuliza bei ya tiketi wala kumshukuru mtu ipasavyo, tayari ana matusi manne matano mdomoni, na huyatamka kwa lafudhi nzuri kuliko salamu. Hakufundishwa na mwalimu yeyote. Ameyapata kwenye filamu za kivita za Kimarekani, kwenye rapu inayopigwa kwenye simu, kwenye video fupi anazotazama akisubiri abiria pembeni ya baiskeli yake ya toleka. Kijana huyohuyo, mbele ya mama yake, hathubutu kutamka tusi la Kiswahili au la Kilingala bila kwanza kuangalia mlango uko upande gani. La Kiingereza hulitoa kwa sauti, huku akicheka, na mama naye hucheka kwa sababu hakuelewa.

Siku wazazi wakielewa, lawama humshukia mwalimu. Mwalimu hutafuta dawa ya haraka: orodha ya maneno ya adabu yatakayoshika nafasi ya yale machafu. Usiseme lile, sema "sugar". Usiseme hili, sema "heck". Ukishangaa, sema "gosh". Ukiudhika, sema "darn". Orodha hiyo huandikwa ubaoni, hunakiliwa daftarini, na wanafunzi huikariri sawasawa na wanavyokariri vitenzi. Sina ugomvi nayo. Inafaa, na nitaeleza inafaa kwa nini. Lakini kwa watu wa mji huu, ambao umetukanwa kwa lugha nyingi na mabwana wengi, orodha ya namna hiyo inagusa sehemu ndogo sana ya madhara ambayo maneno yanaweza kuyafanya, na sehemu hiyo siyo ya hatari.

Kiingereza chenyewe hakiepukiki tena. Tarehe 8 Aprili 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kiingereza ndiyo lugha ambayo ofisi za jumuiya hiyo zimezoea kuandikia. Hata kabla ya saini hiyo, mfanyabiashara wa Kisangani anayefuata barabara ya taifa namba 4 kupitia Beni hadi mpaka wa Kasindi alijua kwamba Kiswahili chake kitamfikisha Kampala, ila karatasi za mizigo atazikuta kwa Kiingereza. Mashirika ya misaada huajiri kwa Kiingereza. Chuo Kikuu cha Kisangani, ambacho mizizi yake ni mwaka 1963, hufundisha kwa Kifaransa, lakini mtafiti wake wa misitu akitaka kusomwa nje hulazimika kuandika kwa Kiingereza. Basi kijana wetu ana haki ya kukitaka. Swali ni aingie nacho vipi katika maisha ya watu.

Turudi kwenye kile kicheko chake. Kwa nini tusi la Kiingereza ni jepesi mdomoni mwake? Jean-Marc Dewaele, mwanaisimu Mbelgiji aliyefundisha Birkbeck huko London, aliwauliza watu wengi wanaosema lugha zaidi ya moja namna wanavyohisi matusi, na mwaka 2004 akachapisha alichokipata: tusi la lugha ya kwanza huhisiwa zito kuliko la lugha iliyokuja baadaye, na anayejifunza lugha darasani tu huhisi uzito mdogo kuliko aliyeishi ndani ya lugha hiyo. Mwaka mmoja kabla yake, Catherine Harris na wenzake walipima jasho kwenye ngozi ya Waturuki waliojifunza Kiingereza wakiwa wakubwa. Miongoni mwa vilivyoisisimua sana ngozi yao ni makaripio ya utotoni, yale ambayo mzazi humwambia mtoto aliyefanya aibu, yakisemwa kwa Kituruki. Yakisemwa kwa Kiingereza, maneno yaleyale yaligusa kidogo tu. Uzito wa tusi, kwa hiyo, haukai ndani ya herufi zake. Huja pamoja na kofi, na macho ya shangazi, na siku ile mlipofukuzwa mezani. Lugha ambayo hukuwa mtoto ndani yake haikukupa siku hizo.

Mtu wa Kisangani anayelielewa jambo hili haraka ni mbadilisha fedha wa sokoni. Dola ikiwa na mchaniko mdogo pembeni ataikataa, ilhali noti ya faranga iliyochakaa hadi kufanana na tambara ataipokea bila neno. Anajua kwamba thamani ya noti ya kigeni huamuliwa na mtu mwingine, mbali na hapa, kwa masharti ambayo hakuyaweka yeye. Kijana anayemwaga matusi ya Kiingereza anatumia noti asizojua bei zake. Yeye ametoa kichekesho, aliyepokea amepata jeraha, na wote wawili wanashangaana.

Bei zenyewe hazitulii. Mwaka 1606 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kumtoza faini ya pauni 10 mchezaji yeyote wa tamthilia atakayelitaja jina la Mungu kwa mzaha jukwaani. Enzi hizo neno zito lilikuwa lile linalogusa mbingu, na Waingereza wakazoea kulikwepa kwa kulivunjavunja: "gosh" ya ubaoni kwetu ni jina la Mungu lililopindishwa ili lisimkere mtu wa dini. Miaka mia tatu baadaye, Aprili 1914, George Bernard Shaw alileta London tamthilia yake ya Pygmalion, na neno moja, "bloody", likautikisa ukumbi na magazeti. Leo neno hilo hupita kwenye televisheni mchana kweupe. Tamthilia yenyewe inamhusu msichana muuza maua anayefundishwa Kiingereza cha mabwana na profesa wa fonetiki. Neno hilo linamtoka katikati ya wageni waheshimiwa, kwa matamshi yaliyonyooka kabisa. Shaw alikuwa ameliona tatizo la mwanafunzi wa Mangobo mapema: lafudhi hushikika upesi, ila kujua neno lipi lisemwe mbele ya nani huchukua muda mrefu.

Mchezo wa kukwepa si mgeni kwetu, maana tuliupokea pamoja na Kifaransa. Mfaransa aliyejikwaa mbele ya watoto huanza neno moja na kulimalizia kwa "mercredi", jina la siku ya Jumatano. Mwingine humtaja kunguni, "punaise", asije akataja kitu kingine. "Parbleu" ya zamani ilificha jina la Mungu nyuma ya rangi ya buluu. Neno ambalo Jenerali Cambronne anasemekana kuwajibu Waingereza pale Waterloo mwaka 1815 lina herufi tano, na Mfaransa mwenye adabu hulitaja kwa jina la jenerali mwenyewe. Watoto wa shule wa Kisangani huyajua haya yote kabla hawajaisikia "heck" hata mara moja. Ukiwaambia kwamba Waingereza nao wana "mercredi" zao, wanaelewa papo hapo, wanacheka, na somo linaendelea.

Tulichonacho wenyewe ni kitu cha aina nyingine. Mtu wa hapa akigonga kidole kwenye jiwe hamtukani jiwe. Humwita mama yake. "Mama na ngai!" husema wa Kilingala. "Mama wee!" husema wa Kiswahili. Wengine humwita Nzambe, wengine Yezu. Pwani wana "Lahaula!" na "Masalale!" zao. Vilio hivi havifichi tusi lolote nyuma yake, kwa maana mwenye maumivu anaomba msaada kwa yule aliyemzoea. Na hapohapo ndipo unaelewa kwa nini tusi baya kuliko yote mjini humu, kwa lugha yoyote utakayochagua, humlenga mama. Atukanaye huenda moja kwa moja kwa yule ambaye ungemwita ukiumia.

Sasa, je, "sugar" humsaidia mtu aliyegonga kidole? Richard Stephens wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, alilichukulia swali hilo kwa uzito. Mwaka 2009 yeye na wenzake waliwaambia watu watumbukize mkono katika maji ya barafu. Waliokuwa wakirudia tusi walivumilia muda mrefu kuliko waliorudia neno la kawaida. Mwaka 2020 akarudia jaribio kwa maneno mawili ya kubuni yenye mlio wa matusi, "fouch" na "twizpipe". Yalichekesha kidogo, lakini hayakumwongezea mtu uvumilivu wowote. Neno mbadala halitulizi maumivu ya anayelisema.

Wengine huchukua matokeo hayo kuwa ushahidi kwamba adabu ni unafiki. Mimi nayaona kinyume. Kama neno mbadala halimfai msemaji, basi linamfaa nani? Msikilizaji. Anayesema "sugar" kwa kidole kinachovuja damu amekubali kuumia zaidi kidogo ili mtoto aliye karibu asirithi neno ambalo hajafikia umri wa kulibeba. Sheria nazo zililijua hilo. Ile ya 1606 haikujali mchezaji alisema nini nyumbani kwake, ilijali jukwaa. Kanuni ya Adhabu ya Kongo, kifungu cha 75, nayo humwadhibu aliyemtukana mtu hadharani. Kilichohesabiwa ni masikio ya wengine. Hapa ndipo orodha ya mwalimu inapostahili heshima, kwa kuwa inamfundisha kijana kwamba Kiingereza chake kina wasikilizaji, na kwamba wao wanasikia zaidi ya anavyodhani.

Lakini tuendelee na kijana huyo, akiwa ameishika orodha yake yote, hadi afike mahali ambapo Kiingereza kinasemwa kwelikweli. Tusi la kwanza litakalomtoka huenda likawa karatasi. Kiswahili hakitofautishi maana kwa urefu wa "i", na Kilingala vilevile. Kiingereza hutofautisha, na bila huruma. "Sheet" na "beach" zikitoka kwenye mdomo wa Kisangani hupoteza urefu wao na kugeuka maneno ambayo mwalimu aliyafuta ubaoni. Kijana ameomba karatasi ya kuandikia, au amesifu ufuko wa bahari, na chumba kizima kimenyamaza. Hakuna orodha itakayomwokoa hapo. Anachohitaji ni mazoezi ya sikio, na wenyeji wenye moyo wa kucheka pamoja naye.

La pili ni zito zaidi. Kisangani, adabu hukaa kwenye jina la kumwitia mtu. Unamwita muuza samaki Mama, dereva Papa, kijana aliyekutangulia kidogo Ya, mjomba Noko, mwenye mvi Mzee. Ukishamwita hivyo, sentensi inayofuata inaweza kuwa fupi na kavu, na hakuna atakayeumia. "Mama, unipatie maji" ni ombi zuri kabisa. Kijana amefundishwa kwamba Waingereza hawawaiti wageni mama zao, naye amelishika hilo, basi ameondoa "Mama". Kilichobaki ni amri: nipe maji. Hajui kwamba Kiingereza huiweka adabu yake kwenye kitenzi, kwenye mizunguko ya "could I have" na "would you mind" na "I'm afraid", ambayo ukiitafsiri neno kwa neno huonekana woga usio na sababu. Hakuna neno chafu hata moja katika alichosema, na bado mhudumu amekasirika.

Mgeni wa Kiingereza huanguka vivyo hivyo akifika soko kuu la Kisangani. Ana "tafadhali" kwenye kila sentensi, kama alivyofundishwa kwao, lakini hakuamkia, hakusema Mama, hakuuliza watu wa nyumbani wameamkaje. Amekwenda moja kwa moja kwenye bei. Mwenye meza atamuuzia ndizi, na akishaondoka atamweleza jirani kwamba mzungu yule hana malezi.

Kifaransa kilitufundisha umbo la tatu la jeraha hili, na mji wetu una shahidi wake. Patrice Lumumba alifika hapa, ulipokuwa ukiitwa Stanleyville, mwaka 1944, akafanya kazi ya ukarani wa posta. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, alisimama Léopoldville mbele ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji na kuorodhesha yale ambayo Wakongo walitendewa: kazi ya kuchosha kwa ujira usiotosha chakula, vipigo, dhihaka, ardhi iliyonyang'anywa. Katika orodha hiyohiyo, bila kuona haya kwamba ni jambo dogo, akaweka kiwakilishi: kwamba Mwafrika aliambiwa "tu", na haikuwa "tu" ya rafiki, kwa kuwa "vous" ya heshima ilihifadhiwa kwa Wazungu peke yao. Watoto wote wa shule hufundishwa "tu". Ndilo neno la kuongea na kaka, la kumwomba Mungu. Hakuna kamusi inayolihesabu kuwa tusi. Na bado karani wa posta aliyelisikia kaunta moja baada ya nyingine, mwaka baada ya mwaka, aliona linafaa kutajwa mahali pamoja na kiboko.

Hapo orodha ya maneno mabaya inaanza kuonekana ndogo. Ukiyakusanya maneno yaliyoumiza eneo hili la dunia kuliko yote, utashangaa yalivyo safi. Mbelgiji wa enzi ya ukoloni alipomwita Mkongo "macaque", alikuwa amelichukua neno kwenye kitabu cha wanyama. Redio RTLM ya Kigali ilipowaita Watutsi "inyenzi", mwaka 1994, ilitumia jina la mende, mdudu ambaye kila mama wa nyumbani humtaja asubuhi bila kuogopa kitu. Mtoto angeweza kuyasema maneno hayo mbele ya padri. Mwalimu mwenye orodha yake asingeyafuta ubaoni, kwa sababu hayamo.

Hata Kiswahili chetu kina historia ya namna hiyo. Kilifika kwenye maporomoko ya Boyoma na misafara iliyotoka upande wa Zanzibar, na kikaitwa Kingwana, lugha ya waungwana, watu walioshika dini na mavazi ya pwani na maamkizi marefu. Mkubwa wao, Tippu Tip, aliyeteuliwa wali wa Stanley Falls, ndiyo Boyoma ya leo, mwaka 1887 kwa makubaliano na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, alisifiwa na wageni wa Kizungu kwa upole wa kauli na ukarimu wa meza. Misafara yake ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba watu. Aliyefungwa shingoni hakufaidi kitu kwa kuwa mwenye mnyororo alijua kusabahi.

Na ipo adabu ambayo kazi yake hasa ni kuficha. Kiingereza cha kijeshi ni hodari katika fani hiyo: wafu waliokuwa sokoni huitwa "collateral damage", na sentensi inasonga mbele bila damu. Kisangani tunayo sababu ya kuiogopa fani hiyo. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda, yaliyoingia nchini yakiwa upande mmoja, yalipigana yenyewe kwa yenyewe katikati ya mji wetu kwa mizinga. Umoja wa Mataifa uliandika kwamba raia waliouawa walikuwa kati ya 244 na 760, na waliojeruhiwa zaidi ya 1,000. Tunaiita Vita ya Siku Sita. Hilo nalo ni jina safi, linataja muda na kumwacha mtendaji.

Tafsida, basi, ina kazi mbili zisizofanana. Ya kwanza hulinda sikio la mtu: tunasema fulani ameaga dunia, tunasema fulani ni mjamzito, tunasema "sugar". Anayesikia anajua sawasawa kilichotokea, ila hakuchomwa. Ya pili hulinda mkono wa aliyetenda, na anayesikia hubaki hajui. Kipimo cha kuzitenganisha ni chepesi: baada ya neno la upole kusemwa, je, msikilizaji bado anajua nani alimfanya nani nini? Akijua, hiyo ni adabu. Asipojua, kuna mtu ananufaika na ukimya.

Nimefika mahali ambapo mwenye hasira atauliza: kama tusi halifai, na orodha ya mbadala haitoshi, na upole nao unaweza kuwa kifuniko, nikidhulumiwa niseme nini? Jibu ninalolipenda lilikuwa likisikika kwenye mto huu zamani, kabla Kiingereza hakijafika, na Mwingereza mmoja alilisikia. John Carrington, mmisionari Mbaptisti aliyekuja Kongo mwaka 1938 na kukaa Yakusu, chini kidogo ya Kisangani, alijifunza lugha ya ngoma ya Walokele, na mwaka 1949 akachapisha kitabu juu yake. Ngoma ya Walokele ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Neno fupi likipigwa peke yake hufanana na mengine mengi yenye mpando na mshuko uleule, na mtu wa kijiji cha mbali hawezi kujua limekusudiwa lipi. Kwa hiyo ngoma haisemi mwezi ikanyamaza. Husema mwezi unaoitazama ardhi kutoka juu. Haisemi kuku tu. Huongeza mlio wake na udogo wake. Haisemi maiti tu. Husema yule alalaye chali juu ya madongoa ya udongo.

Mgeni aliyesikia hivyo angedhani Walokele wanapamba. Carrington alieleza kwamba hawapambi: urefu ule ni wa usahihi. Mpigaji huzunguka ili aliye mbali, gizani, asipate habari ya uongo. Na tusi lina kasoro ileile ya neno fupi la ngoma. Ukimwambia mtu "wewe mjinga", au ukamwambia lile la Kiingereza lenye herufi nne, hatajua umekusudia nini. Amechelewa? Amekuibia? Hukupenda uso wake? Anachojua ni kwamba umekasirika, na yeye sasa amekasirika pia. Lakini mwambie: "Papa, uliniambia utaleta fedha Jumatatu. Leo ni Ijumaa, na watoto wamerudishwa kutoka shule kwa sababu hiyo." Umetumia maneno mengi, hakuna hata moja chafu, na hakuna pa kujificha. Mtendaji ametajwa, tendo limetajwa, na aliyeumia ametajwa. Mara nyingi anayeambiwa hivyo angeona afadhali kutukanwa.

Nadhani hiki ndicho cha kumfundisha kijana wa Mangobo baada ya kumaliza orodha. Badala ya tusi, asitafute neno jingine. Atafute sentensi nzima. Darasani lingekuwa zoezi la kawaida: kila mmoja achukue jambo lililomuudhi wiki hii, aliseme kwanza kwa lugha ya nyumbani namna lilivyomtoka, kisha aliandike kwa Kiingereza kwa kutaja nani alifanya nini, lini, na matokeo yake. Atajifunza wakati uliopita wa kitenzi, atajifunza "because", atajifunza kutofautisha "you are" na "you did", tofauti ambayo imevunja na kuponya urafiki mwingi. Akishaliandika, sehemu kubwa ya hasira itakuwa imeshapata kazi ya kufanya.

Mji wetu umeshaona sentensi ya aina hiyo ikisemwa kwa Kiingereza na Kifaransa, na umeshaona inachoweza na isichoweza. Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, huko The Hague, ilitamka kwamba Uganda ilivunja sheria ya mataifa katika ardhi ya Kongo, Kisangani ikiwemo. Tarehe 9 Februari 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325. Hakuna aliyemtukana mtu katika kurasa hizo zote. Ni lugha kavu ya majaji, lakini yupo mtendaji, lipo tendo, ipo bei. Kesi dhidi ya Rwanda ilikwama Februari 2006, mahakama iliposema haina mamlaka ya kuisikiliza. Sentensi ya Kisangani imebaki nusu, na watu wa hapa wanauhisi upungufu huo hata wasiposoma sheria. Kusema kwa usahihi hakuleti haki peke yake, wala hakufufui mtu. Lakini nusu iliyosemwa imezaa deni lenye jina la mdaiwa, jambo ambalo kelele za miaka 22 mtaani zisingeliweza.

Tofauti ya tusi na sentensi huonekana kwenye kinachofuata. Tusi hurudishwa, tena kwa riba; ndivyo lilivyo, kwa Kiswahili, kwa Kilingala au kwa Kiingereza cha filamu. Sentensi hudai jibu. Aliyeambiwa alichokitenda atakubali, au atakana, au atajieleza, au ataomba muda wa kulipa. Na kila mojawapo ya majibu hayo, hata lile la kukana, linamlazimu amchukulie aliyesema kuwa mtu wa kujibiwa. Hicho ndicho karani wa posta alichonyimwa kila alipoitwa "tu" kaunta, na kijana anayejifunza lugha mpya ana haki ya kukipata ndani yake tangu somo la kwanza.